Nuru na Chupa ya Maji

Watoto wa shule hufundishwa ya kuwa vitu vyote ni vya namna tatu mbele ya nuru. Viko vile vinavyopitisha nuru wazi, hata mtu akaona upande wa pili, kama kioo na maji safi. Viko vile vinavyopitisha nuru kwa kuitawanya, kama karatasi iliyoingia mafuta: mwanga huonekana, lakini sura ya kitu kilicho nyuma haionekani. Na viko vile visivyopitisha nuru, kama ubao na chungu, navyo hutupa kivuli cheusi. Mafundisho haya ni ya kweli, wala hapana sababu ya kuyaacha. Lakini mwanafunzi akiyashika kama mtu apangaye nazi katika makapu matatu, hii hapa na hii pale, basi jambo lenyewe hajalijua bado, na kutojua huko kwaweza kumdhuru katika maji anywayo.

Kwanza, kitu hakikai katika kapu moja daima. Karatasi kavu ina nyuzi nyingi, na katikati yao mna hewa. Nuru ikiingia hupindwa huku na huku kila itokapo hewani kuingia katika uzi, hata ikapotea njia. Mafuta ya andazi hujaza zile nafasi za hewa, na nuru hupita kwa urahisi zaidi, ingawa karatasi ni ile ile. Dhahabu huzuia nuru, lakini ikifuliwa hata iwe nyembamba mno, hupitisha nuru ya rangi ya kijani. Maji ya bahari yakiwa kikombeni hayana rangi. Lakini baharini, chini ya mita 200, nuru ya jua ni haba sana, na chini ya mita 1,000 haifiki kamwe.

Pili, na hili ndilo kubwa, jicho si hakimu wa nuru yote. Katika upinde wa mvua rangi ya mwisho ni urujuani, lakini jua halikomi hapo. Ng'ambo ya urujuani iko miale mingine isiyoonekana na mtu, iitwayo urujuanimno, nayo ndiyo iunguzayo ngozi ya watu weupe. Kioo cha dirisha huonekana kama hakizuii kitu, kumbe huzuia sehemu kubwa ya ile iliyo mikali zaidi. Basi kitu chaweza kuwa wazi kwa nuru hii, na ukuta kwa nuru ile.

Miale hiyo huua vijidudu. Mwaka 1980 Aftim Acra, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Marekani huko Beirut, pamoja na wenzake, alitangaza ya kuwa maji ya dawa ya watoto wanaohara yaweza kusafishwa kwa jua. Tangu mwaka 1991 wataalamu wa Uswisi waliendelea kuichunguza njia hiyo, nayo ikaenea katika nchi nyingi. Yenyewe ni nyepesi: chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, hujazwa maji, hufungwa, hulazwa juani saa 6. Siku ya mawingu mengi huachwa siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha kutwa, njia hii haifai.

Katika Kajiado, Kenya, jaribio lilifanywa kwa watoto wa Kimasai, na habari zake zikatolewa mwaka 1996. Wengine waliweka chupa zao juu ya paa, wengine ndani ya nyumba. Wale wa paani walihara kwa uchache zaidi, ijapokuwa tofauti haikuwa kubwa mno. Asemaye ya kuwa jua limemaliza kazi yote asisadikiwe.

Hapa ndipo makapu matatu yanapopata maana. Maji ya matope hutawanya nuru, na kijidudu kilichojificha nyuma ya chembe ya udongo hukaa salama kivulini. Kipimo chake ni rahisi. Chupa iliyojaa husimamishwa juu ya gazeti, penye herufi kubwa za kichwa cha habari, na mtu hutazama kutoka mdomoni mwa chupa hata chini. Herufi zikisomeka, maji yafaa kuwekwa juani. Zisiposomeka, yaachwe yatuame, kisha yachujwe kwa kitambaa.

Wako watu wazima, tena wenye akili, wasemao ya kuwa maji yakiwa maangavu ndiyo safi, basi jua la nini? Neno hilo limewalaza wengi kitandani. Vijidudu vya kipindupindu ni vidogo mno, na maji yaweza kuwa navyo vya kutosha kumwangusha mtu, na herufi za gazeti zikasomeka vizuri kabisa. Uangavu huonyesha ya kuwa nuru itapita tu; hauonyeshi ya kuwa imekwisha kufanya kazi. Wala jua haliondoi chumvi au sumu iliyoyeyuka majini.

Mama asemaye ya kuwa kuchemsha ni bora asibishiwe. Moto haujali matope wala mawingu, na penye kuni karibu, sufuria yashinda chupa. Lakini kuni zikiwa mbali, kumwacha mtoto anywe maji ya kisima vivi hivi, huku jua likiwaka bure juu ya paa, ni uvivu. Mtungi nao usilaumiwe: hupoza maji kuliko chombo chochote cha plastiki. Ila hauruhusu nuru kuingia, basi kazi hii si yake. Chupa ya kijani au ya kahawia haifai vilevile. Na ile iliyokwaruzwa mpaka ikawa na ukungu, hata kama ilikuwa nzuri mwaka jana, imekwisha kuhama kapu. Yafaa kuwekewa mbegu za mahindi, na nyingine itafutwe.