Msimhubirie Hajiri utii

Kwenye msiba mmoja hapa Msangeni, katika milima ya Ugweno, mhubiri alipofikia habari za mabinti zetu wanaofanya kazi za ndani Uarabuni, alimtaja Hajiri wa Biblia, kijakazi Mmisri wa Sarai. Alisema Hajiri alikimbia mateso, malaika akamrudisha, akanyenyekea, akabarikiwa. Kisha akatoa fundisho: wanaoteswa Oman na Dubai ni wenye kiburi na mdomo, binti aliyelelewa vizuri hapigwi. Waombolezaji wakaitikia amina. Mimi sikuitikia.

Mhubiri angeendelea kusoma. Katika Mwanzo 21, Hajiri huyohuyo aliyerudi akanyenyekea anafukuzwa pamoja na mwanawe, anapewa mkate na kiriba cha maji, anatangatanga nyikani. Utii wake haukumsaidia kitu kwa bibi yake. Na Kumbukumbu la Torati 23 inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyemkimbia. Mbona hiyo haihubiriwi misibani?

Lakini hata Biblia tuiweke pembeni, tuzungumzie pasi ya kusafiria. Binti akishuka Muscat, Oman, mara nyingi mwajiri humnyang'anya pasi yake. Anaishi chini ya kafala, yaani kibali chake cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri. Akikimbia, mwajiri anaripoti kwamba ametoroka, na tangu hapo mkosaji ni yeye. Utii unafanya kazi gani hapo? Anayeshika pasi yako, mshahara wako na ufunguo wa mlango hahitaji sababu ya kukupiga. Akiwa na utu utapona, akiwa katili utateseka, na adabu uliyofundishwa na mama yako haibadilishi lolote.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuwahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walisimulia pasi kuchukuliwa, mishahara kupunjwa, vipigo, udhalilishaji wa kingono, na kazi iliyofika hadi saa 21 kwa siku. Saa 21! Mtu asiyelala anapata wapi nguvu za kiburi? Kenya nayo ilitangaza vifo vya raia wake 89 Saudi Arabia katika miaka ya 2020 na 2021, wengi wao wafanyakazi wa ndani. Wote hao walikuwa na mdomo?

Najua jibu la walioitikia amina, maana wanalo moja tu: mbona binti wa fulani amemjengea mama yake nyumba ya bati jipya? Nyumba ile inathibitisha kwamba alipata mwajiri mwenye utu, basi. Haithibitishi kwamba mwenzake aliyerudi na makovu alijitakia. Bati linaonekana na kila mpita njia. Aliyerudi mikono mitupu anajifungia ndani, kwa sababu anajua tutamwuliza alimkosea nini bosi wake.

Na mawazo haya ya kumlaumu anayeteswa hatukuyaokota Muscat. Ni wangapi wamechukua binti huku milimani kwa ahadi ya kumsomesha ushonaji, wakamfikisha Dar es Salaam na kumfungia jikoni? Amri ya kima cha chini ya mwaka 2022 iliweka Sh60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa familia ya kawaida anayelala kwa mwajiri. Hata hizo anazungushwa, na akidai anaambiwa hana adabu. Na huku nyumbani tumewaacha vijana wakiona kahawa iliyowasomesha babu zao haisomeshi tena mtu, halafu tunashangaa wakala wa Uarabuni akisikilizwa kuliko mwalimu.

Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa ndani ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria mwenyewe. Hilo lisomwe kanisani na msikitini. Kabla binti hajashuka kutoka Ugweno, wakala aitwe mbele ya wazazi aulizwe: pasi atashika nani, na mkataba wa kazi uko wapi? Akijikanyaga, binti haendi. Na kwa aliyerudi na makovu, swali letu la kwanza liwe jina la wakala aliyempeleka, kisha tumsindikize polisi. Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu ilitungwa kwa ajili ya watu wa aina hiyo.