Umekula, mama?



Mwaka jana nilifika Ecuador, Amerika ya Kusini, pamoja na mama wengine wa vikundi. Siku ya mapumziko tuliamshwa saa kumi za usiku kwenda kuangalia kolibri. Nilinung'unika: nani anaacha usingizi kwa sababu ya ndege?

Tulianzia Yanacocha, msitu wa mlima Pichincha karibu na Quito. Ni juu sana, mita 3,500 hivi, na baridi iliingia mpaka mifupani. Huko nilimwona kolibri mwenye mdomo mrefu kupita mwili wake, mkia ukiwekwa kando. Akitua anauinua juu kama fimbo.

Mchana tukashuka Mindo, kwenye joto. Wenyeji hutundika chupa za maji ya sukari: kipimo kimoja cha sukari kwa vinne vya maji. Kolibri walikuja wengi, wa kijani, wa zambarau, hata mmoja mwenye manyoya meupe miguuni kama soksi za mtoto mchanga. Uzito wake gramu 3 hivi, haufiki kijiko kidogo cha sukari. Walisimama hewani mabawa yakivuma, kisha wakaruka kinyumenyume.

Yule wetu wa maua ya migomba, ambaye wengi humwita kolibri, ni chozi. Kolibri wa kweli wako Amerika tu.

Mama mwenyeji aliyetuongoza akatuonyesha kiota. Kidogo kama nusu ya ganda la yai la kuku, kimefungwa kwa utando wa buibui ili kitanuke watoto wakikua. Ndani, mayai mawili meupe. Baba hayuko. Kujenga, kuatamia na kulisha, yote ni ya mama peke yake.

Palepale kolibri mama akaruka, akaacha mayai. Nikasema, "Mama gani huyu?"

Mwenyeji akacheka. "Amekwenda kula. Kila siku huondoka hivyo mara nyingi. Asipokula atakufa, na mayai yatapoa."

Maneno yale yalinichoma. Miaka mingi nilikwangua sufuria baada ya bwana na watoto kushiba, hata nilipokuwa nanyonyesha. Niliita hiyo upendo. Halafu siku moja nilizimia shambani, mtoto akiwa mgongoni. Mtoto alipona kwa neema tu.

Sasa katika likelemba yetu, kabla ya kuhesabu pesa, tunaulizana: "Umekula?" Wengine hunyamaza. Ndipo tunajua.

Juma hili, mama mwenye mimba au anayenyonyesha apakue sahani yake pamoja na za wengine, si baada yao. Na jirani anayelea peke yake, tumpelekee bugali na sombe, au tumshikie mtoto ale kwa utulivu.

Tuonane juma lijalo.