Dawati la Kuonyeshwa na Dawati la Kukaliwa

Kila msimu wa maonyesho unapowadia, wanafunzi wetu huambiwa wabuni kitu kitakachotatua tatizo la jamii. Nao hubuni: jiko linalokula kuni chache, kiti kilichosukwa kwa mipira ya matairi ya pikipiki, rafu ya vitabu iliyotokana na mabaki ya mbao za mitumbwi. Mgeni rasmi hupita, huuliza maswali mawili, hupigwa picha, huondoka. Ninachotaka kuuliza ni hiki: kile kiti kilikwenda wapi?

Katika vyuo vya ualimu tulikuwa na neno letu, kufaragua. Mwalimu mwanafunzi alitakiwa atengeneze zana kwa vitu vilivyomzunguka, vizibo vya soda, maboksi, udongo wa mfinyanzi, mianzi. Ni neno zuri na ni kazi nzuri. Lakini katika chuo kimoja nilichofanya kazi, ambacho sitakitaja, zana hizo zilipangwa mezani mtahini kutoka nje alipokuja, zikapewa alama, na mwisho wa mwaka stoo ikasafishwa kwa kiberiti. Zikateketea mbaya na nzuri kwa pamoja. Nje ya ua, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, palikuwa na shule ya msingi isiyokuwa na hata fremu moja ya kuhesabia.

Hoja yangu basi ni kwamba tumempa mtahini asiyehusika kazi ya kuhukumu. Dawati huhukumiwa na mtoto anayelikalia, tena baada ya masika mbili. Anayeligusa kwa kidole na kusoma kadi iliyobandikwa juu yake hajajua kitu.

Msomaji atakumbuka mwaka 2016. Elimu bila ada ilikuwa imeanza Januari, watoto wakafurika, na Rais Magufuli akaagiza kwamba ifikapo mwisho wa Juni asiwepo mwanafunzi anayeketi sakafuni. Halmashauri, makampuni, wabunge na wananchi wakachanga. Lilikuwa jambo jema, wala simlaumu aliyeagiza. Lakini kilichohesabiwa ni madawati yaliyopokelewa. Sijapata kusikia hafla ya kuhesabu madawati yaliyotengenezwa upya.

Na dawati letu hufa kwa sababu zinazojulikana. Limepigiliwa misumari kwenye mbao mbichi. Mbao zikikauka husinyaa, msumari unabaki unacheza. Watoto watatu wanajisogeza kushoto na kulia siku nzima, na kwa kuwa hakuna ubao wa mshazari wa kulizuia lisiyumbe, viungo vinaachia. Yale ya chuma nayo huliwa na kutu miguuni, pale maji ya kudekia yanapotuama, au huvunjika mahali palipochomelewa. Dawa yake si siri. Seremala yeyote mzuri ataunganisha kwa ulimi wa ubao unaoingia ndani ya tundu na kubanwa kwa kabari, ataongeza mshazari, atainua mguu wa chuma kwa kipande cha mpira. Hapa Nkome tuna mafundi mitumbwi wanaounga mbao zikahimili mawimbi ya Ziwa Viktoria, na hatujawahi kuwaita waje kumwonyesha mtoto namna ya kuunga kiti!

Tena kuna kipimo. Mtoto wa Darasa la Kwanza na kijana wa Darasa la Saba wanakalia kimo kimoja, kana kwamba mzabuni alipima mtoto mmoja kwa niaba ya wote. Huo ndio mradi wa wanafunzi: wapimane magoti na viwiko, wajue wastani wao, watoe vimo vitatu. Hesabu imo, sayansi imo, useremala umo.

Wako watakaosema kwamba mtoto huja shuleni kusoma, si kuranda mbao. Tulilisikia hilo tangu Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, na kwa sehemu tulilistahili, maana katika shule nyingi nilizozijua kujitegemea kuligeuka kuwa jembe, na jembe likageuka kuwa adhabu. Mwenye kufikiri kwa mikono hakupewa nafasi. Lakini makosa ya utekelezaji hayaui hoja. Mtoto aliyetafuta kwa nini dawati linayumba amesoma pembetatu vizuri kuliko aliyeichora ubaoni mara kumi.

Nichukue mfano wa pili, uliopo mwaloni. Dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa huanikwa asubuhi juu ya mchanga. Mvua ikinyesha wanaoza, au wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Chanja iliyoinuliwa na kutandikwa wavu huwakausha upesi, kwa kuwa hewa inapita juu na chini, na mchanga hauwaingii. Hilo wataalamu wamelisema miaka mingi. Kazi iliyobaki ni ya ubunifu wa kweli: chanja iwe nyepesi kiasi gani ili mama mmoja aihamishe wingu linapotanda? Iwe kimo gani asiumie kiuno? Miguu yake ikingwe vipi na mchwa? Mwanafunzi asiyekwenda kuwauliza akina mama wale atatengeneza chanja nzuri sana ya maonyesho.

Jambo la miti ndilo linaloniudhi zaidi. Ukanda huu unadai miti kwa kila upande: magogo ya kuegemeza mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kuni za kubanika samaki, mkaa, mitumbwi. Katika nchi ya namna hiyo, dawati linalokufa baada ya miaka mitatu ni ukataji miti uliopewa jina la maendeleo.

Sasa Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Nimefurahi, lakini kwa tahadhari, kwa sababu meza za maonyesho nazo zinaongezeka. Tangu 2019 tuna hata mashindano ya kitaifa ya ubunifu. Ombi langu ni dogo. Nusu ya alama za mradi itolewe siku ya maonyesho, nusu nyingine izuiliwe mwaka mzima. Kifaa kipelekwe kwa mwenye shida, na kikivunjika, darasa lililokitengeneza likitengeneze tena kwa mikono yake. Mkaguzi akija, asipelekwe ofisini kutazama vyeti ukutani. Aingie Darasa la Pili, ainame, atazame chini ya madawati kama miguu ya watoto inafika sakafuni, kisha aandike alichokiona.