Abiria Ana Haki Gani Basi Lisipoondoka?

Sisi wakazi wa Kaloleni ni watu wa makwao mawili. Mtaa wetu ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa jiji la Nairobi, na tangu enzi hizo haupiti mwezi bila jirani kufunga mzigo kwenda Siaya, Busia, Kakamega au Kitui. Kuna anayekwenda kuzika, kuna anayepeleka mbegu, na mwalimu anayerudi kwenye kituo chake cha kazi. Hufuata Barabara ya Jogoo mpaka kituo cha Machakos Country Bus, na hapo humkabidhi karani fedha zake kabla ya kuliona basi lenyewe.

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2024, nilikuwa kituoni nikimsindikiza mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni huko magharibi. Nauli, shilingi 1,500, tulikuwa tumeilipa siku tatu kabla. Hatukuwa na habari kwamba Wizara ya Elimu ilikuwa imeahirisha kufunguliwa kwa shule kwa juma moja kutokana na mafuriko. Wala hatukujua kwamba usiku uleule maji na tope vilikuwa vimeshuka katika kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, vikaua makumi ya watu na kuifunga barabara. Saa tatu karani alitangaza kuwa safari haipo. Nilipomwomba aturudishie nauli, aliigeuza tikiti na kunionyesha maandishi madogo mgongoni: pesa zikishalipwa hazirudishwi.

“Mwalimu,” akaniambia kwa upole, “mvua si yangu.”

Alisema kweli, mvua haikuwa yake. Lakini hata zile shilingi 1,500 hazikuwa zake, maana hakuna kazi aliyoifanya kuzistahili. Tarehe 3 Mei Serikali iliahirisha tena ufunguzi, safari hii bila kutaja siku. Shule zilipofunguliwa hatimaye tarehe 13 Mei, nililipa nauli mara ya pili, nayo ilikuwa imepanda hadi 2,200. Mzazi mwenye watoto watatu bwenini na ahesabu mwenyewe.

Sisimulii haya ili kumsuta karani yule, ambaye ni mwajiriwa tu. Nasimulia kwa kuwa wengi wetu twadhani mambo hayawezi kuwa vinginevyo. Mvua ikinyesha, basi lisipoondoka, abiria hushukuru Mungu kwa uhai wake na kurudi nyumbani mikono mitupu. Twaiita bahati mbaya. Waama, kuna mambo mawili hapa yanayochanganywa. Kutoondoka kwa basi kunaweza kuwa bahati mbaya. Kubaki na fedha za msafiri ambaye hakusafirishwa ni uamuzi wa mtu.

Wenzetu wa Ulaya, ambao adui wao ni theluji kama wetu alivyo mafuriko, waliyatenganisha mambo hayo mawili kisheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 181 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Machi 2013, yasema kwamba katika safari ya basi ya kilomita 250 au zaidi, ikiwa safari imefutwa au imecheleweshwa kwa zaidi ya saa mbili, abiria achaguliwe si na kampuni bali achague mwenyewe: apelekwe kwa njia nyingine au arudishiwe nauli. Kampuni isipompa nafasi ya kuchagua, yaongeza nusu ya nauli juu ya nauli yenyewe. Sheria hiyo haikuidhulumu kampuni. Endapo hali ya hewa ndiyo iliyoleta hatari, kampuni imesamehewa gharama ya kumlaza abiria hotelini. Haikusamehewa kurudisha nauli.

Najua nitajibiwa kwamba sisi si Ulaya. Kuna hoja nzito zaidi ya hiyo, ambayo mwenye basi aweza kuitoa kwa haki kabisa: ukimlazimisha arudishe nauli, utamshawishi aondoke hata pale asipopaswa kuondoka. Dereva ataambiwa avuke tu, fedha zisirudi. Hofu hiyo si ya mzaha. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama katika mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa mchana kweupe, wengine wakitazama kutoka ukingoni. Aprili 2024 basi jingine lilisombwa na maji katika eneo la Garissa, na waliokuwamo wakanusurika kwa kuokolewa.

Hata hivyo, mimi nimeshuhudia shinikizo likitoka upande mwingine. Wakati wa mvua za El Niño, mwishoni mwa mwaka 1997, nilikuwa katika basi lililosimama usiku mbele ya daraja ambalo halikuonekana tena. Dereva alizima injini, akasema tungoje kukuche. Waliopiga kelele hawakuwa wenye basi. Walikuwa abiria. “Tumelipa! Tuvushe!” Nami, naona haya kukiri, nilikuwa miongoni mwao. Kwa nini mtu mwenye akili timamu adai kuvushwa gizani? Kwa sababu mfukoni hana nauli ya pili, na anajua kwamba ile ya kwanza haitamrudia. Mtu wa namna hiyo huona maji kuwa na huruma kuliko karani. Dereva yule alikataa, na asubuhi tuliona kwamba kipande cha daraja hakikuwapo.

Ndiyo maana nashikilia kuwa kurudishiwa nauli ni suala la usalama kabla hata ya kuwa suala la fedha. Abiria mwenye hakika ya nauli yake hatamsukuma dereva mtoni. Na mwenye basi anayeogopa kurudisha fedha azuiwe na jambo ambalo tayari ni kosa, yaani kuhatarisha maisha ya watu. Hatuwezi kumlipa kwa dhuluma ili asitende jinai.

Je, sheria zetu za Kenya zanyamaza? La hasha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 champa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazozihitaji, na haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro za huduma. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ilifuata. Tena sheria yetu ya mikataba imejengwa juu ya ile ya Uingereza, ambako mwaka 1942, katika kesi ya kampuni ya Fibrosa ya Poland, Bunge la Malodi liliamua kuwa fedha zilizotangulizwa kwa mitambo ambayo vita viliizuia kufikishwa lazima zirudishwe, maana mlipaji hakupata chochote. Vita vile havikuwa vya muuza mitambo, kama vile mvua isivyokuwa ya karani wangu. Walimu wa somo la biashara wangeweza kuufundisha uamuzi huo kwa tikiti ya basi, na mwanafunzi angeuelewa upesi kuliko kwa mitambo ya kitani.

Kasoro iko penye kudai. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, haimlazimu mtu kuwa na wakili, na hutakiwa kumaliza shauri katika siku 60. Ni jambo la kupongezwa. Lakini ni nani atakayepoteza siku mbili za kibarua kuzidai shilingi 1,500? Wenye tikiti wanalijua hilo fika. Fedha ndogo za watu wengi, ambazo hakuna mmoja awezaye kuzipigania, hujumlika kuwa fedha nyingi za mtu mmoja.

Wala tusiambiwe kwamba haijulikani alipe nani. Tangu kanuni za mwaka 2014 za magari ya abiria, leseni haitolewi kwa mwenye basi mmoja anayejificha. Yapasa awe ndani ya kampuni au chama cha ushirika chenye magari yasiyopungua 30. Kuna ofisi na kuna akaunti. Nauli nayo siku hizi yalipwa kwa M-Pesa, na njia iliyopelekea fedha yaweza kuzirudisha kabla abiria hajatoka kituoni. Yangetosha maneno machache katika masharti ya leseni: safari ikifutwa, kwa sababu yoyote ile, nauli irudi siku hiyohiyo, au abiria akubali kwa hiari yake kupewa siku nyingine kwa bei ileile aliyolipa.

Jirani zetu wa Tanzania wanayo LATRA, mamlaka inayopanga ukomo wa nauli za mabasi, na pembeni yake baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini linalosema kwa niaba ya abiria. Sidai kuwa kila msafiri wa kituo cha Magufuli hurudi nyumbani akitabasamu. Lakini analo pa kupeleka neno lake. Hapa kwetu wenye matatu wana chama, na madereva na makanga wana vyama vyao. Abiria, ambaye ndiye anayewalisha wote hao, hana.

Hatua chache kutoka nyumbani kwangu lipo Jumba la Jamii la Kaloleni. Hapo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama mbele ya umati na kudai uhuru wa nchi za Afrika Mashariki, na kabla ya mwezi kutimia akakamatwa. Siku hizi twalitumia zaidi kwa mikutano ya matanga, kuchanga fedha za kukodi basi la kupeleka maiti nyumbani. Shule zikikaribia kufungwa, wazazi wa mitaa ya Kaloleni, Makongeni, Mbotela na Shauri Moyo wangeweza kukutana humo jioni moja na kukubaliana jambo dogo: hakuna mtoto atakayekatiwa tikiti katika kampuni ambayo haijaandika juu ya tikiti hiyo kwamba nauli hurudishwa. Nayo Wizara, itakapoahirisha tena siku ya kufungua shule, iseme katika tangazo lilelile nauli zilizokwisha kulipwa zitakuwaje. Ile tikiti ya tarehe 29 Aprili ninayo bado.