Kamoya Kimeu na Mvulana wa Turkana

Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa sekondari ni nani aliyegundua visukuku vya yule mvulana wa Turkana. Wakajibu kwa pamoja: "Leakey!" Sikuwalaumu, kwani ndivyo tulivyowafundisha.

Mnamo Agosti 1984, karibu na mto Nariokotome ulio magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu alikiona kipande kidogo cha fuvu ambacho rangi yake haikutofautiana sana na ya changarawe iliyokizunguka. Siku yenyewe ilikuwa ya mapumziko! Mzaliwa huyu wa Ukambani hakupata masomo ya juu. Kazi ya kutafuta mifupa aliianza mwaka wa 1960 akiwa kibarua huko Olduvai, Tanganyika. Uchimbaji ulioongozwa na Richard Leakey na Alan Walker baadaye ulifukua mifupa zaidi ya 100 ya mtoto mmoja, aliyefariki yapata miaka milioni 1.5 iliyopita.

Na mifupa hiyo ina mengi ya kusimulia. Mtoto huyo alikuwa na kimo cha sentimita 160 hivi, na miguu mirefu ya mtu azoeaye kutembea mwendo mrefu. Lau ungemwona kwa mbali, ungedhani ni mwanafunzi aendaye shuleni. Akikaribia ungeshtuka: paji la uso limelala, kidevu hana, na ubongo wake ni kama thuluthi mbili tu za wetu.

Ajabu kubwa zaidi imo katika meno. Wataalamu waliochunguza ukuaji wake walikadiria kwamba alikuwa na umri wa miaka 8 hivi. Miaka minane, na kimo cha kijana! Yaani watoto wa Homo erectus walikua haraka kuliko wetu, na muda wao wa kulelewa na kufunzwa na wazazi ulikuwa mfupi.

Badala ya kuwaonyesha wanafunzi jinsi jino linavyosomwa, sisi walimu huwakaririsha majina ya Kilatini na tarehe, basi. Naye Kamoya tunamwacha nje ya darasa. Rais Reagan wa Marekani alimtunuku nishani mwaka wa 1985, na nyani mmoja wa kale akapewa jina la Kamoyapithecus kwa heshima yake. Mzee huyo alifariki mwaka wa 2022. Walimu wenzangu, mkifika kwenye somo hili, liandikeni jina lake ubaoni.