Waulizwe Majirani Zake

Tangu Aprili 2023, miili ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwafundisha kufunga hadi kufa ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, hadi ikapita 400, dawa inayotajwa na wengi ni moja: wachungaji wakasome. Rwanda ilikwisha kuiweka katika sheria mwaka 2018. Kiongozi wa dhehebu awe na shahada ya elimu ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha elimu hiyo, na waliokuwa hawana wakapewa miaka mitano ya kuitafuta. Mwaka 2024 wakaguzi walifunga maelfu ya nyumba za ibada nchini humo, nyingi kwa kasoro za majengo na usafi, na wapo Wakristo wa Kenya na Tanzania walioshangilia wakiomba na kwao iwe vivyo hivyo.

Mimi sikushangilia. Serikali hupima kile inachoweza kukipima, na cheti kinapimika. Lililoniudhi ni kanisa kufurahi kwamba kazi yake ya kuzipima roho sasa itafanywa na msajili.

Wanaotetea shahada wana hoja. Mhubiri asiyefundishwa huweza kuuchomoa mstari mmoja mahali pake na kuujengea fundisho la kuua watu kwa njaa. Chuo kizuri humwonyesha makosa ya waliomtangulia, na miaka ya masomo huwachosha wenye pupa. Dola nayo ina wajibu wa kulinda uhai wa raia. Yote hayo nayakubali.

Lakini tuikumbuke Kanungu. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya ibada, kusini magharibi mwa Uganda. Miongoni mwa viongozi wao alikuwamo Dominic Kataribabo, padri aliyesoma hadi Marekani na kupata shahada ya uzamili. Siku chache baadaye miili mingine ilifukuliwa nyumbani kwake. Elimu yake ilikuwa halali, na mkaguzi yeyote angempitisha.

Paulo alipomwandikia Timotheo jinsi ya kumpata msimamizi wa kanisa, alitaja zaidi ya sifa kumi. Ya ujuzi ni moja: awe anaweza kufundisha. Zilizobaki ni za mwenendo. Asiwe mlevi, asiwe mgomvi, asiipende fedha, apokee wageni, watoto wake wawe na adabu, asiwe mtu aliyeamini jana. Kisha likaja sharti ambalo sijapata kulisikia likisomwa kwa uzito siku ya kumsimika mtu: awe na sifa njema kwa walio nje ya kanisa. Maana yake hata jirani Mwislamu, hata mwenye duka anayemkopesha sukari, ana neno katika jambo hili.

Sasa niambieni ni ofisi gani inayoweza kuyathibitisha hayo. Kama fedha anaipenda, anajua aliyewahi kumdai. Hasira yake anaijua mkewe, na dada wa kazi anaijua zaidi. Ndiyo maana mitume walipohitaji watu saba wa kuhudumu waliliambia kusanyiko lichague miongoni mwake, watu walioshuhudiwa. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho cha kanisa la mwanzo, kiliwapa waumini wa kawaida vipimo vyao: mtume msafiri akikaa siku tatu, au akiomba fedha aondokapo, ni nabii wa uongo. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kuvitumia vipimo hivyo.

Afrika Mashariki tuliwahi kulijua hili kuliko wengi. Uamsho uliowaka Gahini, katika Rwanda hiyo hiyo, miaka ya 1930, haukuongozwa na wenye shahada za dini. Joe Church alikuwa daktari. Simeoni Nsibambi wa Buganda hakuwa kasisi. Yosiya Kinuka alikuwa msaidizi wa hospitali. Nguvu ya ndugu wale ilikuwa kutembea nuruni: kila mmoja aliweza kuulizwa mbele ya wenzake kuhusu deni lake, ndoa yake, chuki yake, awe Mzungu au Mwafrika, awe amewekewa mikono au la. Wenye kutoa vyeti hawakuwapokea sikuzote: mwaka 1941, chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho huo, William Nagenda akiwamo. Na tusidhani uamsho ulichukia elimu, kwa maana Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa ndugu wa uamsho, akasoma sana, akawa askofu na rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Alisoma, na bado aliweza kuulizwa na ndugu zake.

Leo nani anaulizwa? Kanisa limesajiliwa kwa jina la mwanzilishi, mkewe ndiye mweka hazina, kiwanja ni chake, na waumini wamemjua kwa bango na spika. Hawakumchagua wala hawawezi kumwondoa. Atakayeuliza sadaka imekwenda wapi atanyamazishwa kwa andiko la kutowagusa masihi wa Bwana. Huko ni kulitesa andiko. Daudi alikataa kumuua Sauli, lakini alipotenda dhambi yeye mwenyewe, Nathani alimkabili uso kwa uso. Paulo alimkemea Petro mbele ya watu wote Antiokia. Mwalimu anayewatisha kondoo kwa laana ili wasimhoji amejibu tayari swali la kama anafaa, na mzee wa kanisa anayekaa kimya akiyaona hayo anashiriki dhambi yake. Mpeni mtu huyo shahada tatu. Mtakuwa mmempa joho la kuvaa anapowaibia wajane.

Binti akiposwa, wazee hutuma watu hadi kijiji cha mposaji kuchunguza ukoo wake. Kwa anayekabidhiwa roho za watu mia tano, tunaridhika na barua ya utambulisho.

Makanisa ya zamani yana pa kuanzia. Katika ibada ya Kianglikana ya kumweka mtu wakfu, askofu huliuliza kusanyiko kama kuna anayejua kizuizi chochote, aseme. Lakini huliuliza kwaya zikiwa zimejipanga na ng'ombe amekwisha kuchinjwa, na hakuna atakayesimama saa hiyo. Swali hilo litangulie kwa miezi sita. Lisomwe Jumapili kwa Jumapili katika usharika alikokulia, alikofanya kazi na anakoishi sasa, majibu yapokelewe kwa siri na wazee wasio ndugu zake, na mkewe aulizwe peke yake. Makanisa mapya yasiyo na askofu yaanze na lililo gumu zaidi kwao: hati ya kiwanja na vitabu vya hesabu vitoke mikononi mwa mchungaji, vikabidhiwe kwa waumini.