Jicho la Hadubini Katika Nchi ya Buha

Mtu wa Kibondo arudipo kutoka porini kurina asali, naye ana homa, kwanza hupimwa malaria. Kwa miaka mingi sasa hutumika kile kipimo cha haraka: tone la damu, robo saa, jibu. Kimewaokoa wengi, wala hatuna neno baya juu yake. Ila chajua malaria tu. Vijidudu vya malale vyaweza kujaa damuni nacho kisivione.

Wazee wa Buha walisimuliwa na baba zao malale ni nini. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi, wakaacha mashamba na makaburi ya wazazi wao, wakakae pamoja mbali na ndorobo.

Aina ya malale ya upande wetu ilibainishwa mwaka 1910 na Stephens na Fantham, huko Liverpool, kwa kutazama umbo la kijidudu katika hadubini. Zimepita zaidi ya miaka 110, na kwa aina hii bado hakuna kipimo cha haraka. Liko jicho la mtu tu.

Jicho hilo halipatikani upesi. Kijana husomea stashahada miaka mitatu. Kisha huketi miaka mingine akitazama tone baada ya tone lililotiwa rangi ya Giemsa, likikuzwa mara 1,000, mpaka akijue kile kijidudu chembamba chenye mkia kama mjeledi. Zamani wengi walikikuta kwa bahati, wakitafuta malaria. Leo vioo vya malaria vimepungua, na bahati hiyo nayo. Na kwa kuwa wagonjwa wa malale nchini ni wachache, fundi aweza kumaliza miaka mingi kazini pasipo kukiona.

Wako wasemao kwamba basi hadubini imepitwa na wakati. Twawapinga. Kila aliyetoka porini na homa isiyo ya malaria atazamwe damu kwa kioo. Na mafundi wa Kibondo na Kasulu wapelekewe vioo vya mazoezi kutoka kituo cha utafiti cha Tabora, penye ujuzi wa malale.

Mganga pia hulitegemea jicho hilo. Suramini hutibu kabla ugonjwa haujafika ubongoni. Ukiisha kufika, kwa miaka mingi dawa ilikuwa melasoproli yenye aseniki, iliyoua kadiri ya wagonjwa 5 katika 100. Aliyepambanua ni mtu wa maabara, kwa kuyatazama maji ya uti wa mgongo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale yetu. Kasulu wana haki ya kufurahi. Lakini mgonjwa hapewi vidonge hivyo mpaka kijidudu kimeonekana.